Mashua ya mbao ya zamani: kalafati na deheni, rangi yenye shaba, au kuifunika kwa faiba?

Msafiri wa Manda

Asalam aleikum wanabahari wenzangu. Nina mashua ya mita 10, iliyoundwa Matondoni zaidi ya miaka 20 iliyopita, ambayo kwa sasa huwapeleka wageni kulala Kiwayu na kuwarudisha Lamu. Mbao zake za mbambakofi ni nzima kwa kuziangalia, lakini kusi hii maji yanaingia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, kwa kasi ambayo hata abiria wanaiona, na baharia mmoja hana kazi nyingine ila kufua maji. Nataka kuitengeneza kabla ya kaskazi. Nimeshauriwa mambo matatu yasiyopatana: kung'oa kalafati yote (pamba inayoziba nafasi kati ya mbao), kutia mpya na kupaka deheni ya chokaa na shahamu kama ilivyo desturi, kutia kalafati mpya lakini chini kupaka rangi ya kiwandani yenye shaba, au kuifunika nje yote kwa faiba ili kuvuja kukome. Tena nafikiria kuondoa mashine ya nje, ambayo petroli yake inamaliza faida, na kuweka ya dizeli ndani. Fedha nilizonazo hazitoshi kwa yote. Naomba ulinganisho kwa wanaozijua njia hizi kwa mikono yao.

Fundi Tezo

Wa aleikum salam, nahodha. Kabla hujachagua, kagua misumari, kwa sababu hakuna hata njia moja kati ya hizo tatu inayotibu msumari ulioliwa na kutu. Chombo cha umri huo huvuja kwa sababu mbili ambazo kwa mtazamo wa juu juu hufanana: ama pamba imeoza baina ya mbao, ama misumari imeisha na ubao umeachana na taruma (mbavu za chombo), kiasi kwamba kila wimbi linapopita umbo hujinyonga na kuitema pamba hata kama ilitiwa jana. Ya kwanza huponywa na kalafati. Ya pili huzidishwa nayo, maana ukiigonga pamba kwa chembeu (patasi ya kalafati) katikati ya mbao zilizolegea, unauzidi kuusukuma ubao mbali na taruma lake.

Namna ya kujua haina gharama. Ipandishe mashua siku ya bamvua (maji makuu), itie magadi (miti ya kuiegemeza), na usiyafue maji yaliyomo ngamani. Maji ya bahari yakishakupwa, yale ya ndani yatatafuta njia ya kutoka, nawe utapita ukitia alama ya chaki kila mahali panapotoka unyevu. Unyevu ukitokea kwenye mstari wa kalafati peke yake, una bahati. Ukitokea kwenye vichwa vya misumari, hasa mbao za kwanza zilizo karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo) na zile zinazoingia kwenye hanamu (mti wa mbele), basi ng'oa misumari michache ya hapo na uitazame shingo yake. Nimeona misumari yenye kichwa kizuri na ncha nzuri, na katikati imebaki nyembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Kuhusu deheni na rangi: deheni ya chokaa na shahamu ni rahisi, hupakwa kati ya maji kupwa na kujaa, na hailalamiki ubao ukiwa na unyevu, lakini huisha upesi na ni lazima irudiwe mara kwa mara, la sivyo wadudu watoboao mbao wataingia. Rangi yenye shaba hukaa muda mrefu zaidi, ila haishiki juu ya shahamu. Mafuta yote ya zamani ni lazima yakwanguliwe mpaka ubao uonekane. Kwa hiyo usidhani utapaka hii msimu huu na ile msimu ujao. Na mtu akikuuzia kopo la zamani la rangi yenye bati akisema ndiyo kali kuliko zote, mrudishie: mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008 ulizipiga marufuku rangi hizo kwa madhara yake kwa viumbe vya baharini.

Mkazi wa Kilifi

Fundi nimemsoma, na kuhusu misumari sina ubishi. Hata hivyo, naona faiba inahukumiwa kwa makosa ya waliotumia resini isiyofaa. Resini ya poliesta, ambayo ndiyo ya bei nafuu, hushika mbao vibaya na baada ya muda hubanduka vipande vipande. Epoksi ni jambo jingine kabisa: hung'ang'ania ubao, na matabaka kadhaa ya kitambaa cha kioo yakipangwa vizuri hufanya gamba lenye nguvu yake lenyewe. Tusisahau pia kwamba mbao ngumu za kuundia ni adimu, ukataji wake una vibali, na vijana wanaojua kutia kalafati ipasavyo wanapungua. Hapa kwetu kuna ngalawa zilizofunikwa na zinavua mpaka leo.

Fundi Tezo

Ndugu wa Kilifi, mfano wa ngalawa ndio unaonyesha tofauti. Ngalawa ni gogo moja lililochongwa. Haina viungo vya mbao vinavyovutana. Mashua ni mbao nyingi zinazovimba zikiwa majini na kusinyaa zikiwa juani, na uzima wake umo katika kule kuvimba, kwani ndiko kunakoibana pamba. Epoksi inataka ubao mkavu. Mbao zilizokaa kwenye chumvi miaka 20 hazikauki kwa wiki mbili, zinahitaji miezi chini ya banda, na zikikauka nyufa hufunguka, kisha zikirudi kulowa hutafuta nafasi ya kutanuka ambayo gamba halizipi. Ukifunika zikiwa na unyevu, maji ya mvua yanayopenya kutoka juu yatakaa kati ya ubao na faiba, na maji ya mvua huozesha mbao kuliko ya bahari. Juu ya hayo hutaweza tena kuona wala kubadili msumari. Ni kama kumvisha mgonjwa kanzu mpya kabla ya kumpima.

Sikatai moja kwa moja. Mwenye chombo kilichofika ukingoni, anayetaka kukitumia misimu michache iliyobaki kisha akiache, faiba yaweza kumfaa. Kwa mashua yenye mbambakofi nzima ingekuwa hasara.

Mekanika wa Mtwapa

Niseme juu ya mashine. Mashua yenye mita 9 kwenye mstari wa maji haiwezi kupita maili 7 hivi za baharini kwa saa bila kuanza kupanda juu ya wimbi lake yenyewe, na umbo zito halipandi. Nguvu ya ziada huishia kuwa povu. Kwa hiyo dizeli ya nguvu za farasi 20 inatosha, na ikisukumwa mpaka mwisho hunywa takribani lita 5 kwa saa, wakati mashine ya nje ya farasi 40, ile ya petroli inayochanganywa na oili, hufika lita 18 au zaidi. Katika mawimbi ya kusi ile ya nje huinuka pamoja na tezi (nyuma ya chombo), na parafujo lake, yaani panga linalosukuma maji, huzunguka hewani. Uzito wa dizeli si hoja sana, kwani ukiwekwa chini katikati utapunguza mifuko ya mchanga unayobeba kama farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo.

Tatizo ni kwamba utatoboa fashini (mti wa nyuma) ili kupitisha mhimili wa parafujo, na mtikisiko wa dizeli ukikuta mbao zimelegea utazimaliza kwa msimu mmoja. Nakubaliana na fundi: umbo kwanza, mashine mwaka ujao. Na siku ya kuifunga, usikubali mhimili unyooshwe mashua ikiwa pwani peke yake. Sharti ukaguliwe tena baada ya chombo kuelea siku kadhaa, kwa sababu umbo la mbao hubadilika likiwa majini.

Mshona Matanga

Kwa upande wa tanga, usiguse fedha zako sasa. Ukibadili baadaye, kitambaa cha poliesta hakiozi kama pamba, lakini jua hukila, hivyo lifunike tanga kwenye foromali (mti unaolibeba) kila unapotia nanga.

Msafiri wa Manda

Nawashukuru. Bamvua ijayo nitatia magadi na kupima kwa maji ya ngama. Misumari ikiwa mibovu, niweke ya chuma tena, ya chuma kisichoshika kutu, au ya shaba?

Fundi Tezo

Ya chuma iliyochovywa kwenye zinki, si ile iliyong'arishwa tu, na kila mmoja uuvishe pamba iliyolowa sifa (mafuta ya papa) chini ya kichwa. Kile kisichoshika kutu hudanganya: ndani ya ubao uliolowa, kikikosa hewa, huliwa kwa vishimo usivyoviona. Shaba usiichanganye na chuma kwenye chombo kimoja, maana katika maji ya chumvi chuma ndicho kitakacholiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, ukichagua rangi yenye shaba, kila kichwa cha msumari kizamishwe, kizibwe na kupakwa rangi ya msingi kwanza.