Custer kwenye gemu: anayedhalilishwa hasa ni nani?

Wadau, hili tulijadili bila kuoneana haya.

Mwaka 1982 kampuni ya Kimarekani, Mystique, ilitoa gemu ya Atari 2600, mashine ya michezo ya video ya enzi hizo, iitwayo Custer's Revenge, yaani kisasi cha Custer. Mchezaji anamwendesha George Armstrong Custer, ofisa wa jeshi la farasi la Marekani wa karne ya 19, akiwa uchi, akikwepa mishale hadi amfikie mwanamke mwenyeji wa Amerika aliyefungwa kwenye nguzo. Akimfikia anambaka, na pointi zinaongezeka. Mashirika ya wanawake na ya wenyeji yalipinga vikali.

Wapo wanaosema Custer alikuwa muuaji, basi acheni adhalilishwe. Nakataa. Ndani ya gemu ile Custer ndiye mshindi! Aibu yote amebebeshwa mwanamke asiye hata na jina.

Na wanawake wa kweli walikuwepo. Alfajiri ya tarehe 27 Novemba 1868, Custer na Kikosi cha 7 cha wapandafarasi walivamia kijiji cha Wacheyenne, kabila la wenyeji wa Amerika, kando ya mto Washita, katika Oklahoma ya leo. Chifu Black Kettle, mtu aliyehangaika miaka mingi kutafuta amani, aliuawa pamoja na mkewe. Wanawake na watoto 53 wakachukuliwa mateka. Masimulizi ya Wacheyenne wenyewe yanasema mmoja wao, Monahsetah, alizaa na Custer. Ukishajua hayo, ile nguzo huwezi kuiita utani.

Halafu kisasi cha nini? Mwaka 1874 Custer ndiye aliyeongoza msafara uliotangaza kuwepo kwa dhahabu katika milima ya Black Hills, ardhi ambayo mkataba wa 1868 na serikali ya Marekani uliwaachia Walakota, kabila jingine la wenyeji. Tarehe 25 Juni 1876, pale kwenye mto Little Bighorn, ni yeye tena aliyeishambulia kambi yao na ya Wacheyenne, akafia hapohapo. Mvamizi leo anadai kisasi kwa watu aliowafuata makwao!

Sisemi watu wa historia wasiguswe. Custer aingizwe kwenye gemu, na ushujaa wake katika mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, uonyeshwe pia. Lakini Marekani yenyewe iliondoa jina lake kwenye uwanja wa vita wa Little Bighorn mwaka 1991, ili waliokuwa upande wa pili nao wakumbukwe.

Ninyi mnaotetea uhuru wa watengenezaji, nijibuni: mkiitengeneza alfajiri ile ya Washita, mchezaji mtamkabidhi nani amwendeshe?