Matete yamelifunika bwawa la hifadhi: tulikaushe?

Chepechepe:
Wakuu, naomba ushauri. Bwawa la kina kifupi hifadhini, lenye tuta na lango la mbao za kupachika moja juu ya nyingine kuzuia maji, limefunikwa na matete karibu theluthi mbili. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa kando ya maji, hawatui tena, bata wamebaki wachache. Kuna wanaosema tufungue lango, jua liyaue matete. Ni sawa? Na nyasi za mwinuko unaolizunguka zifyekwe lini?

Mlinda Lango:
Kukausha pekee hakuyaui, mkuu. Mizizi yake minene imejaa akiba ya chakula, na tope tupu lenye unyevu ndipo mbegu zake zinapoota. Utafunga lango ukiwa na matete mengi kuliko mwanzo.

Shusha maji, fyeka mashina chini kabisa, halafu rudisha maji yafunike visiki kwa sentimita 10 hivi na yabaki hapo msimu wote wa kuchipua. Mizizi hupata hewa kupitia mashina, hata yaliyokauka. Yakizama, inakosa oksijeni na kuoza. Wengi hukwama hapa: maji yanapungua kwa jua, visiki vinachungulia, kazi yote bure. Pima kina kila wiki. Wala usiyamalize matete. Nusu maji wazi, nusu mimea, ndiyo hali inayovuta ndege wa aina nyingi.

Tope Jeusi:
Naongezea. Siku ya kushusha maji toa ubao mmoja mmoja, kazi ichukue wiki mbili tatu au zaidi. Vitwitwi hula kwenye tope tupu hadi maji ya sentimita 10, bata wanaochovya kichwa kwenye 15 hadi 25. Ukishusha taratibu, kila siku ukingo mpya wa tope unafunuka. Ukifungua kwa pupa wakati wa joto, samaki wanakufa, na mizoga inaweza kuzalisha sumu ya botulini. Ndege akila funza wa mzoga wenye sumu hiyo, anapooza shingo na kuzama. Okoteni mizoga kila siku, mkivaa glavu.

Nyasi Ndefu:
Mwinuko usiguswe mpaka vifaranga watoke. Bata wengi hutaga kwenye nyasi kavu, wengine mbali kabisa na maji. Gawa sehemu tatu, fyeka moja kwa mwaka, ukianzia katikati kwenda nje ili wanyama wapate pa kukimbilia. Ukanda unaopakana na bwawa uache mnene: unakamata udongo na mbolea ya mashamba ya juu, ambayo ikifika majini ndiyo inayoyanenepesha hayo matete.

Chepechepe:
Ubao wa chini kabisa umekwama kwa tope. Niuvunje?

Mlinda Lango:
Hapana, ukivunja huwezi tena kurudisha maji. Chimbua tope upande wa bwawa kwanza, kisha uvute kwa ndoano pande zote mbili kwa pamoja; ukivuta upande mmoja unakaba kwenye mfereji unamopachikwa.