Treni ya Kasese inaondoka siku gani? Nina wageni wa ndege, nisaidieni haraka

KasukuKimya
Habari wakubwa kwa wadogo. Nimekwama. Kuna wageni wawili, mzee na mkewe, wanatoka Uingereza mwezi ujao kuja kuangalia ndege siku kumi. Mwongozaji atawapokea Kasese, wazunguke mbuga za Queen Elizabeth, Kibale mpaka Bwindi. Sasa Kampala hadi Kasese wanataka treni, gari hawataki. Inaondoka siku gani na daraja la kwanza ni shilingi ngapi? Asanteni.

BodaWaNtinda
Wageni wa ndege halafu unawatafutia treni? Si waruke tu 😂

MamaShamim
Banange, treni ya Kasese! Hiyo ya abiria ilikufa miaka ya 90 huko. Iliyobaki ni ile ya wafanyakazi, asubuhi na jioni, Kampala na Namanve. Wapandishe basi wataona ndege dirishani.

MjukuuWaKilembe
Umenikumbusha mbali. Reli ilifika Kasese 1956 kwa ajili ya shaba ya mgodi wa Kilembe, na mimi utotoni nimeipanda na mama, daraja la tatu, usiku kucha nimelala juu ya gunia la maharage, nikiamka shavu limechorwa nyuzi za gunia. Kamwenge wanawake walikuwa wanainua mahindi ya kuchoma mpaka dirishani, unashika hindi kwanza pesa baadaye, treni ikianza kuondoka kuna wajanja walikuwa hawalipi. Mama alilipa siku zote. Sasa hivi sehemu nyingine reli yenyewe huioni kwa nyasi.

Afande Mstaafu
Mahindi tuweke pembeni. Kijana, nani aliwaambia wazee hao kuna treni?

KasukuKimya
Walisoma mahali afande.

Afande Mstaafu
Mahali gani?

KasukuKimya
Kwenye ratiba.

MamaShamim
Ratiba ya nani weee?

KasukuKimya
Sawa, ratiba niliandika mimi. Lakini msinirukie. Babu yangu alifanya kazi reli, nimekua nikisikia Kasese Kasese, na ukifungua ramani hiyo reli bado imechorwa. Yule mzee anapenda treni kuliko hata ndege, bila kuweka treni wangeenda kwa wengine. Na wameshatuma dola 600 za kuanzia. Mimi nafikiria tu siku ikifika niseme treni imeharibika, tupande gari, wakishaona simba wamesahau. Sio uongo sana maana reli ipo.

Afande Mstaafu
Nimefundishwa Kiswahili kambini na neno la kwanza lilikuwa ukweli, la pili viboko. Waandikie leo.

OtienoWaBugolobi
Mimi ni jirani yenu, sikilizeni. Nairobi Kisumu treni ilirudi mwisho wa 2021, inatembea usiku inafika asubuhi, ila sio kila siku, kwa hiyo uliza ratiba kabla ya kuahidi tena mtu kitu. Washukie Nairobi, wapande hiyo, Kisumu uwatoe msitu wa Kakamega ambako kuna ndege kibao, halafu Busia, Jinja, uko nyumbani. Mzee amepata treni yake na wewe umepona.

MtumbwiMabamba
Hilo ndilo la maana. Na usiwakimbize Kasese kabla hawajafika Mabamba, kinamasi cha ndege karibu na Entebbe. Mnaingia na mtumbwi alfajiri katikati ya mafunjo, maji meusi, mnasukuma kwa mti polepole, halafu pale mbele kitu kama nguzo ya kijivu. Ndio yeye, korongo domo-kiatu, sisi tunamwita bulwe. Anaweza kusimama saa nzima hajapepesa, anasubiri samaki kamongo apande kuvuta hewa. Zamani wavuvi walikuwa wanamuua, ukimwona asubuhi basi samaki hupati. Leo mvuvi yule yule akimwona anapiga simu, wageni wanaleta hela. Mgeni wangu mmoja alilia na mimi nikafikiri nyuki kamuuma.

BodaWaNtinda
Mimi ndege pekee niliyelipia kumwona ni Cranes, timu yetu ya taifa ya mpira, pale uwanja wa Namboole na walifungwa. Wageni walete kwangu, kuna kaloli kumi, wale korongo wa jalalani, juu ya takataka, bure.

Mchunguzi256
Mnamshauri hewa. Jina hili hili la KasukuKimya wiki iliyopita lilikuwa kwenye uzi wa soko linauza darubini 8x42, bado ndani ya boksi. Hakuna mzee, hakuna mke, huyu anatafuta wateja tu. Uzi ufungwe.

MamaShamim
Eh! Na mimi nimeshamwombea.

MjukuuWaKilembe
Kwa hiyo nimetoa hindi la mama yangu bure.

KasukuKimya
Darubini ni yangu kweli. Niliinunua kwa zile dola, mtu wa ndege bila darubini nani atamwamini? Sasa nimeiweka sokoni nikipata mteja niwarudishie wazee wakikataa hiyo ya Kisumu. Ndio maana nilikuwa sitaki kusema.

Afande Mstaafu
Umeshawaandikia?

KasukuKimya
Naandika afande. Nimefika "Dear".

MtumbwiMabamba
Hiyo 8x42 bei ya mwisho ngapi?