Hatimiliki za kimila: wanawake wanahesabiwa mkutanoni, shamba linaandikwa jina la mume

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na uchungu, kwa sababu nimetoka kijijini kwa mama yangu mdogo, ambako mradi wa kupima mashamba ili kutoa hatimiliki za kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji, umekamilika, nikakuta shamba alilolilima kwa zaidi ya miaka 20 limeandikwa jina la mumewe peke yake. Siku ya upimaji nilikuwapo. Mama mdogo alitangulia na jembe lake begani, akawaonyesha vijana wa upimaji kila kona, akawataja majirani wa pande zote nne. Kijana mwenye fomu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Mwenye shamba yuko wapi?" Baba mdogo alikuwa mjini kwenye kibarua.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999, inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Inataka pia Baraza la Ardhi la Kijiji, chombo cha kusuluhisha migogoro ya ardhi, liwe na wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu. Hapo kijijini watatu hao wapo. Mikutano inaitwa saa wanayokuwa kisimani, wanafika mambo yameshaamuliwa, wanasaini daftari la mahudhurio, na sahihi hizo ndizo zinazopelekwa kwa wafadhili kama ushahidi wa ushiriki wa wanawake. Hakuna anayeulizwa ni hati ngapi zimetoka na jina la mwanamke.

Hili si jambo dogo. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linamnyima mjane urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na hata baada ya kamati ya Umoja wa Mataifa kuitia Tanzania hatiani mwaka 2015 katika shauri la wajane wawili, wajane bado wanafukuzwa mashambani. Zamani ukoo ulilazimika kubishana na majirani waliomwona mama akilima. Sasa utakuja na karatasi yenye muhuri.

Mama mdogo amekwenda ofisi ya kijiji mara mbili kuomba jina lake liongezwe. Mara zote mbili ameambiwa arudi na mumewe, mume yule yule aliyeandikwa akiwa hayupo.