Tupeane uzoefu: Ajali ya MV Nyerere, msaada wako ulifika ulipotakiwa?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Alhamisi ya 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha kubeba watu 101 kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, Ziwa Victoria. Walifariki watu 228, wakaokolewa 41. Taifa likaomboleza siku nne, na watu wakachanga kila kona. Michango ilihesabiwa na kutangazwa. Waliopokea, mimi binafsi sijawahi kusikia wakiulizwa: kilifika lini, na ndicho mlichohitaji?

Naanza mimi. Kikundi chetu cha akina mama hapa Kirumba, Mwanza, tulikusanya nguo, tukavuka nazo. Tulifika siku ya tatu. Bibi mmoja akapokea mfuko kwa mikono miwili, akashukuru sana, kisha akasema kwa upole: "Wanangu, hapa tunatafuta sanda na maji ya kunywa. Tumekaa juani tangu juzi tunasubiri kutambua watu wetu." Sauti yake ninayo mpaka leo. Siku hizi kikundi hakifungi mzigo kabla ya kupiga simu kwa mwenyeji.

Karibuni. Semeni mlichokiona wenyewe.

Mvuvi wa Ukara
Dada, asante kwa kuuliza. Sisi wa mwaloni, pale ufukweni kwa wavuvi, ndio tuliofika kwanza, kwa mitumbwi yetu na petroli yetu. Niliwavuta watu watatu, mmoja alifia mikononi mwangu. Giza lilipoingia uokoaji ukasitishwa hadi asubuhi. Zilikuwa siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa vizuri, kazi imepungua, na taa zetu za kuvulia zimelala nyumbani. Hakuna aliyetuomba hata moja. Jumamosi alipotolewa fundi wa kivuko akiwa hai mle ndani, nilikaa mchangani nikalia. Nilikuwa nauwaza ule usiku wa kwanza. Petroli sidai, ila wapiga mbizi walipofika wangetuita tukae nao. Sisi tunayajua maji yale.

Mjane
Nilimpoteza mume. Rambirambi niliipata, ikanisaidia kuzika na kulisha watoto miezi ya mwanzo. Fedha nyingine za michango zilijenga kituo cha afya Bwisya. Mwanzoni niliumia, nikaona fedha ya marehemu wetu imekuwa matofali. Mwaka jana mkwe wangu alijifungulia pale usiku, bila kuvuka ziwa. Sasa sijui niseme nini. Ningependa tu tungekalishwa chini, wafiwa, tukaulizwa kabla.

Mwalimu
Darasani kwangu walibaki watoto wanne wasio na mzazi hata mmoja. Madaftari yalikuja mengi mwezi ule wa kwanza. Januari, wakati wa sare mpya, hakuja mtu.

Mtoto wa 1996
Baba yangu yumo ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama ziwa hili hili 21 Mei 1996. Watu walisimama juu ya tumbo la meli wakisikia wenzao wanagonga kutoka ndani. Ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama nao. Waliotoboa walitaka kuokoa, nalijua hilo. Kila Mei naenda Igoma kwenye makaburi ya wahanga wa meli ile, na swali langu ni hilo hilo: tangu siku ile, ni vijana wangapi wa mialo yetu wamefundishwa cha kufanya chombo kikilala kifudifudi?

Mvuvi wa Ukara
Mwaloni kwetu, hakuna hata mmoja.