Fimbo za snuka za marehemu baba: watu wanataka kuziona, nifanyeje?

Binti wa Kirumba

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri.

Marehemu baba alikuwa fundi mbao wa meli huko Mwanza Kusini. Akitoka kazini alikuwa anatengeneza fimbo za biliadi na snuka. Waliohama mji, wenye maduka waliofunga, klabu zilizokufa, wengi walimwachia fimbo zao, na leo zimejaa chumba kizima. Baadhi zina kibati cha Burroughes & Watts, kampuni ya London iliyoanza mwaka 1836. Nyingine hazina jina lolote, na hizo ndizo nazipenda zaidi. Ipo moja ambayo kitako chake cheusi kimepanda kwenye mti mweupe wa mbele kwa mishale minne mirefu. Pitisha kucha pale kwenye maungio, haikwami popote. Kitako hicho kiliwahi kupasuka, baba akapachika kipande cha mninga. Wekundu ule unaonekana wazi, hakuupaka rangi kuuficha.

Vijana wanaocheza puli Mabatini na Igoma wamepata habari, wanakuja kubisha hodi. Najua mtaani puli inaitwa mchezo wa wahuni. Hawa wanavua viatu mlangoni. Juzi mmoja aliomba kuiviringisha fimbo juu ya meza ya chakula, kama wanavyopima kule kwao. Ikaenda bila kuruka mpaka ukingoni. Wakatazamana, wakaomba ya pili. Fimbo wanazochezea wao zimepinda na ncha zimegandishwa kwa gundi ya viatu. Nadhani hawakuwahi kushika iliyonyooka.

Kaka zangu wanataka kuziuza zote kwa mkupuo kwa mtu wa Nairobi. Mimi nataka zibaki, watu waje wazione na wazishike. Je, mikono ya watu itaziharibu? Kuna kibali chochote? Na kaka zangu niwaambieje?

Seremala wa Buzuruga

Pole sana dada kwa msiba, na hongera kwa kuzitunza.

Mkono safi na mkavu hauui fimbo. Kinachoiua ni kuegemezwa ukutani. Ukiiegemeza mwezi mzima, uzito wake wenyewe unaikunja, na mti ukishazoea kukunjwa ni kazi kuurudisha. Zilaze kwenye rafu zikiwa zimeshikwa sehemu kadhaa, au zisimamishe wima kabisa zikiwa zimebanwa juu na chini.

Jambo la pili ni hewa. Kwetu hapa ziwani asubuhi kuna unyevu, mchana bati linachoma. Mti unavimba na kusinyaa, unavimba na kusinyaa, na maungio yale ya mishale ndiyo yanafunguka kwanza. Kama chumba hakina dari, weka dari kabla ya kununua kabati la vioo. Usizifunge kwenye nailoni, zitatoa jasho. Angalia vumbi laini la mbao chini ya rafu. Ukiliona ujue kuna mdudu ndani, iondoe hiyo fimbo mbali na wenzake siku hiyohiyo.

Tafadhali sana, usipige msasa na usipake vanishi mpya hata moja. Kitambaa laini kinatosha. Ukipiga msasa unaondoa kazi ya mikono ya mzee.

Mdau wa Ilemela

Dada, kabla ya yote tazama ile pete nyeupe karibu na ncha. Fimbo za zamani nyingine pete yake ni pembe ya ndovu. Kama ngozi ya ncha imeshatoka yenyewe, tazama uso wa pete kwa lenzi kwenye jua: mistari myembamba inayokatizana ni dalili ya pembe ya ndovu. Vitundu vidogo vyeusi, huo ni mfupa.

Hili usilichukulie poa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukaa na nyara, yaani kiungo cha mnyamapori, bila kibali, na kipande kidogo nacho ni nyara. Nenda mwenyewe ofisi ya wanyamapori, ueleze kwamba ni mali ya urithi, wakuelekeze. Usipige picha za hizo na kurusha mtandaoni kwanza. Waambie na kaka zako kwamba kuzivusha mpaka wa Sirari bila karatasi ni kujitafutia kesi. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku tangu mkutano wa 1989 wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Halafu mirathi. Msimamizi ameshateuliwa na mahakama? Kama bado, hakuna mwenye haki ya kuuza, na wewe pia huna haki ya kufungua chumba peke yako.

Mama Kisesa

Mwanangu, nenda Bujora, ni hapa tu. Makumbusho yale ya Wasukuma yaliasisiwa na Padre David Clement, mtu wa Kanada, na hadi leo ngoma za pale hazikai kimya: kwenye sherehe ya Bulabo makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu wanashindana watu wakijaa. Uliza wanaoongoza wageni jinsi wanavyopanga vitu vya kushikwa na vya kutazamwa tu.

Na hao vijana usiwaache nje. Mmoja mwaminifu awe anakusaidia kuandika daftari la wageni.

Binti wa Kirumba

Asanteni sana wote. Shikamoo mama, Bujora nitakwenda.

Msimamizi wa mirathi ni kaka mkubwa, alishateuliwa. Nimemsomea maneno ya mdau wa Ilemela, akanyamaza, kisha akasema Nairobi isubiri. Tumekaa na lenzi leo mchana: fimbo tatu zina mistari inayokatizana. Tumezitenga, Jumatatu anakwenda nazo ofisi ya wanyamapori kutoa maelezo yeye mwenyewe.

Seremala, dari haipo. Naomba unipigie hesabu ya chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, mbao na misumari. Ile yenye kipande cha mninga nitaiweka kwenye za kushikwa.