Daktari ukimpigia usiku anakutusi, halafu sie wauguzi ndio tunaambiwa hatujui kuzungumza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nna hasira, mtanisamehe. Mie ni muuguzi mkunga, niko Pemba, hospitali siitaji. Wiki iliyopita tumeitwa kikaoni tukaambiwa wauguzi "tujifunze kuzungumza na madaktari."

Hebu niwahadithie. Saa 8 usiku, wodi ya wazazi tuko wawili tu, mie na binti aliyemaliza chuo juzijuzi. Kaja mja mzito wa miezi minane, presha 170 kwa 115, protini kwenye mkojo, kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli. Mkunga yeyote anajua hapo kifafa cha mimba kiko mlangoni. Nikampigia daktari wa zamu, faili mkononi, kama tulivyofundishwa: hali ya mgonjwa, historia yake, nnavyoona mie, nnachoomba. Mpangilio ule ulianzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani, hospitali zikauchukua ili la muhimu lisemwe upesi. Nikamwambia naanza dozi ya kwanza ya magnesiamu, sindano ya kuzuia kifafa hicho, kama mwongozo unavyotaka, naomba aje sasa hivi. Akanijibu, "Kichwa kuuma tu ndo unaniamsha? Nyie masista hamna akili." Akakata.

Nilikosea lugha wapi pale?

Nikapiga tena, hakupokea. Nikaandika kwenye faili saa niliyopiga na jibu nililopewa, nikamwamsha mkuu wa wodi nyumbani kwake, yeye ndiye aliyempata daktari mwengine. Sindano ishaingia, nami nahesabu pumzi, napima mkojo, nagonga goti nione kama mguu bado unaruka, maana dawa ile ikizidi huzima pumzi. Alhamdulillahi, mama na mwanawe wazima.

Asubuhi bwana yule kanijia na faili, mbele ya mkwe wa mgonjwa, ananifokea kwa nini nimeandika saa. Kunikatia kwake simu hakukutaja.

Yule binti sasa haishiki simu. Juzi mzazi anavuja damu, kitambaa cha pili kimerowa, yeye kanisubiri mie nitoke chumba cha kuzalishia ndo aniambie, "Dada, naogopa kumpigia." Damu ya uzazi! Nusu lita tu ishakuwa hatari, na mtoto wa watu anaogopa matusi. Woga kama huu, kikaoni hakuna aliyeuuliza.

Madaktari wema wapo, wallahi. Yuko mmoja kila nikimpigia huanza na "ahsante kwa kuniita", na huyo hata alfajiri napiga bila ya moyo kudunda.

Nataka kikao kiitwe tena, na madaktari wakae. Pawekwe daftari la simu za usiku, saa na jibu, mkuu wa hospitali alisome kila asubuhi. Na ijulikane wazi daktari asipopokea anapigiwa nani, muuguzi asije akaitwa mfitini.

Wenzangu wa Unguja na wa Wete, kwenu mnafanyaje? Leo usiku naingia zamu, na jina la daktari yule yule aliyenitusi ndilo lililobandikwa ukutani.